Pembeni mwa Namba za Maji

Kwa miaka kumi na moja kazi yangu ilikuwa kusoma maji. Nikisema hivyo watu hucheka, nami nawaacha wacheke, maana hata mimi nilicheka siku ya kwanza. Ziwa Tanganyika lina mita yake: ubao mrefu uliopigiliwa kwenye nguzo ya chuma, umechorwa mistari ya sentimita, na kila siku saa moja asubuhi lazima mtu asimame mbele yake, aone maji yamefika mstari gani, aandike namba moja kwenye rejista. Namba moja tu, halafu kazi imekwisha mpaka kesho. Mke wangu aliwahi kuniuliza kama kweli hiyo ni kazi ya mtu mzima mwenye watoto. Nikamwambia mimi ndiye ninayelichunga ziwa lisitoroke.

Ubao wetu ulikuwa kwenye rasi, ulimi wa mchanga ulioingia ziwani karibu na mahali mto Rusizi unapomwaga maji yake, upande wa magharibi wa mji. Kushoto ziwa, kulia matete na mafunjo na maji ya mto yaliyolala, mbele milima ya Kongo, ambayo asubuhi ya mvua ilisogea mpaka ukadhani utahesabu mabati ya Uvira, alikozaliwa mama yangu. Hapakuwa na baridi wala joto la kutesa mtu. Upepo wa ziwa ulikuwa wa kiasi chake mwaka mzima. Kabla ya vita watu wa mjini walikuja Jumapili na watoto na redio zao. Vita vilipoanza wanajeshi waliweka pozisyo pale rasi inapoanzia, magunia ya mchanga na mti wa kuziba njia, na tangu siku hiyo raia walioruhusiwa kupita walikuwa wawili, kila mmoja na karatasi yake yenye muhuri. Mmoja mimi. Mwingine yeye.

Yeye alikuwa mwenzangu wa zamu. Wiki yangu, wiki yake. Alinizidi miaka kumi na miwili, kwa hiyo nikamwita muzee, naye akaniita kijana hata nilipoanza kuota mvi. Alikaa Musaga, kusini. Mimi nilikaa Gasenyi, kaskazini, baada ya nyumba yetu ya Cibitoke kuchomwa. Aliyeishi Bujumbura miaka ile anajua kwamba kati ya mtaa wake na wangu hapakuwa na barabara tu; vita vilikuwa vimeigawa mitaa kikabila. Kulikuwa na miezi ambayo mtu wa kwetu hakupita kwao akarudi, na mtu wa kwao vilevile. Lakini kila Jumamosi saa moja tulikutana mbele ya ubao ule kukabidhiana rejista. Tulisoma namba pamoja, tukatia sahihi zetu mbili, kisha tukakaa kwenye gogo lililoletwa na mto. Yeye alileta chai kwenye thermos, mimi mandazi ya mke wangu.

Hatukuongea vita. Yeye alikuwa amezika kaka yake mwaka wa kwanza, mimi nilikuwa nimezika binamu wawili, na tulijua vizuri kwamba tukianza habari hizo, sentensi ya tatu itakuwa nani alimuua nani, na ya nne hatutaifika tukiwa bado watu wa kunywa chai pamoja. Kwa hiyo tuliongea ndege.

Na mimi ndiye niliyemfundisha. Nalisema mapema kwa sababu linaniuma mpaka leo. Alipoletwa kwenye kazi ile hakujua ndege zaidi ya kuku, na kila kilichokuwa na miguu mirefu alikiita “ile ya maji”. Nikamkalisha kwenye gogo, nikamfundisha kama mtoto wa shule ya msingi, na yeye, mtu mzima mwenye mkwe, alikubali kufundishwa. Hilo lilinifanya nimpende.

Nilimwonyesha kwamba rasi ina kalenda yake. Kiangazi, tangu Juni, ziwa linashuka na ulimi wa mchanga unarefuka. Hapo wanakuja wakata-maji, weusi juu na weupe chini, wenye mdomo mwekundu ambao nusu ya chini ni ndefu kuliko ya juu, utadhani aliyewaumba aliitwa mlangoni kabla hajamaliza. Wanaruka chinichini na ule mdomo umezama, wanalipasua ziwa kwa mstari ulionyooka. Mwari nao wanakusanyika, wazito, na mifuko yao ya shingo. Mwishoni mwa Septemba, mawingu yakianza kukaa milimani, wageni wanaingia: mbayuwayu juu ya matete wasiohesabika, keremkeremu wa kula nyuki, na vitwitwi, wale wadogo wanaokimbia ukingoni mwa maji kana kwamba mchanga unawachoma. Nikamwambia muzee kwamba vitwitwi wale wametoka Ulaya. Alikataa katakata. Wakati ule nchi ilikuwa imefungiwa mipaka, hata petroli ilikuwa haiingii.

“Na embargo hii,” akasema, “kale kamepita wapi?”

Tulicheka mpaka mwanajeshi wa pozisyo akaja kuangalia kuna nini.

Desemba alijifunza furukombe, yule tai mweupe kichwa anayelia kama mtu anayeita kwa mbali. Lakini yule ndege aitwaye fundichuma, muzee hakutaka hata kumwangalia. Bibi yake alimwambia tangu utoto kwamba anayegusa kiota cha ndege huyo anaota magamba mwilini, na muzee, pamoja na misa yake ya kila Jumapili, alipitia upande wa pili wa mti wenye kiota chake. Februari mvua kubwa zikianza, ziwa linapanda, rasi inakonda mpaka ubao wetu unasimama majini, na kwera wa manjano wanaanza kusuka viota kwenye matete. Dume anasuka, jike anakuja, anakagua, anang'oa nyasi mbili tatu, anaondoka. Dume anaanza upya. Muzee aliwatazama hao kwa huruma ya kweli. Alisema mke wake ni wa ukoo huo.

Halafu tukaanza kuandika. Namba ya maji iliandikwa kwa bik, kalamu ya wino, ndiyo sheria. Lakini kila ukurasa wa rejista ulikuwa na nafasi tupu pembeni, na mwisho wa mwezi mwandishi wa ofisini alinakili namba tu, hakutazama kingine. Siku moja niliandika pembeni kwa krayo, yaani kalamu ya risasi: *mwari kumi na wanne*. Wiki iliyofuata nikakuta ameandika chini yake, kwa herufi zake kubwa za kulala: *mwari kumi na tisa, na kale ka Ulaya tatu*. Tangu hapo wiki yangu niliandika kwa ajili yake, na wiki yake aliandika kwa ajili yangu. Kulikuwa na wiki ambazo Gasenyi tulilala chini ya vitanda, na wiki ambazo Musaga walisikia risasi mpaka asubuhi, na kwenye rejista yetu hakuna hata moja ya hizo. Kuna wakata-maji. Kuna maji sabini na moja, sabini na mbili. Mke wangu aliniuliza mara moja kama namwamini mtu yule. Nilimjibu kwa hasira kwamba hilo ni swali la nini.

Sasa nieleze msambi. Ni korongo mwenye taji la manyoya ya dhahabu kichwani, mashavu meupe, kidevu chekundu. Kwa Kirundi umusambi. Watu wenye vyeo hupenda kumfuga bustanini. Wanamkata manyoya ya bawa moja, moja tu, ili akijaribu kuruka apinde na kuanguka, na baada ya miezi anaacha kujaribu. Nilimwona mmoja hivyo nikiwa mdogo, akitembea kati ya maua ya mwenye bustani, akitazama juu kila ndege wengine walipopita. Simpendi mwenye bustani ile hata leo, na simjui.

Rasi yetu ilikuwa na misambi wawili, dume na jike. Kwa miaka sita walikuwa wakicheza mbele yetu, wakiinama na kuruka na kufungua mabawa, lakini hawakuwahi kutaga. Mwaka ule, Machi, nikiwa kwenye wiki yangu, nilimwona jike akiingia matete mahali palepale mara tatu. Nilisubiri aondoke, nikaingia na maji yakinifika magotini. Mayai matatu, juu ya kitanda cha nyasi zilizokanyagwa. Nilirudi nyuma polepole, maji yasitikisike.

Kulikuwa na shida moja. Wanajeshi walikuwa wakifyeka matete ili waone mbali, kila wiki kipande kingine. Nilikwenda kwa mkubwa wa pozisyo, nikamwita shefu kama inavyopasa, nikamwomba kipande kile kiachwe, nikamdanganya kwamba kinalinda mita. Akakubali. Lakini wanajeshi wale walibadilishwa kila mara, na wiki iliyofuata ilikuwa ya muzee. Ilibidi yeye naye ajue hasa ni wapi ili awazuie. Kwa hiyo Ijumaa ile niliandika pembeni, kwa krayo, vizuri kabisa: *msambi anaatamia, mayai matatu, hatua arobaini kutoka kwenye mita kuelekea mto, nyuma ya mafunjo yaliyovunjika. Wasifyeke.*

Mimi mwenyewe. Kwa mkono wangu.

Jumamosi alisoma, akanitazama, akavua kofia. Nilikuwa sijawahi kumwona akiivua; mwenyewe alisema huivua kanisani tu. Alisema, “Kijana, hawa watafika kuruka. Mi nakwambia watafika.” Kwa wiki tatu tulikuwa watu wawili wenye siri nzuri katika mji ambao siri zote nyingine zilikuwa mbaya. Yai moja halikuanguliwa. Vifaranga wawili walitoka, rangi ya kahawia, wenye miguu isiyowatosha, na mmoja wao alikuwa na kidole cha kati cha mguu wa kulia kilichopinda kwa ndani. Hilo nalo niliandika pembeni. Niliandika kila kitu.

Ilipofika wiki yake ya Aprili nilimwachia rejista na vifaranga pamoja. Jumamosi iliyofuata nilimkuta ameketi kwenye gogo, bado hajafungua thermos. Nikajua kabla hajasema.

“Kenge,” akasema. “Alhamisi nimekuta hakuna kitu. Kenge amewachukua wote wawili.”

Kenge wapo pale, wakubwa kama mkono wa mtu mzima na zaidi, na wanakula vifaranga. Sikuwa na sababu ya kubisha. Wazazi walikuwa bado wakizunguka juu ya matete wakiita, na sauti ya msambi anayeita haifichiki, inafika mpaka barabarani. Nililia. Sioni haya kusema: katika miaka ile niliyokuwa nimezika watu na macho makavu, nililia kwa ajili ya ndege wawili, na muzee aliweka mkono begani mwangu akanimiminia chai. Alisema, “Tunafanya matanga ya ndege, kijana,” na nikacheka huku nikilia, na nikamshukuru. Nikamshukuru, jamani. Nikarudi nyumbani nikamwambia mke wangu kwamba katika mji huu kuna mtu mmoja mwenye moyo.

Mwezi wa nane nilitumwa kupeleka nakala ya rejista nyumbani kwa mukubwa wetu, yule aliyekaa juu ya wakubwa wengine wote wa idara. Nyumba yake ilikuwa kwenye vilima juu ya mji, mahali penye hewa. Mlinzi alinifungulia geti, akaniambia nisubiri. Kwenye majani yaliyokatwa vizuri alikuwa anatembea msambi mchanga, taji lake bado fupi, linaanza tu kugeuka dhahabu. Bawa la kushoto lilikuwa limekatwa sawasawa kama nywele za mwanafunzi. Nilimtazama miguu. Sikutaka kutazama, lakini nilitazama. Kidole cha kati cha mguu wa kulia kilikuwa kimepinda kwa ndani.

Mlinzi alikuwa mtu wa maneno mengi, kama walinzi wengi wanaokaa peke yao. Bibi wa nyumba, alisema, alikuwa akiwatamani misambi kwa muda mrefu, na watu walijua. Walikuja wawili, mwingine alikufa wiki ya pili.

“Nani aliwaleta?” nikauliza, na sauti yangu ilikuwa ya kawaida kabisa.

“Muzee fulani wa Musaga,” akasema. “Yule mwenzako, si ndiye anasoma maji?”

Sikumbuki kukabidhi nakala, lakini lazima niliikabidhi. Nilipanda baiskeli nikateremka mpaka ofisini, nikaomba rejista ya Machi na Aprili. Bado nilikuwa na tumaini la kijinga. Nilidhani labda mlinzi amekosea, labda kenge alikula hao na hawa ni wengine wenye vidole vilivyopinda. Mtu akitaka kudanganywa hujisaidia mwenyewe.

Nilifungua ukurasa wa Machi. Mstari wangu wa hatua arobaini haukuwepo. Ulikuwa umefutwa kwa gomu ya kufutia, taratibu, bila kuchana karatasi, lakini mimi naandika kwa kukandamiza, na nilipoinamisha rejista kwenye mwanga wa dirisha niliyaona maneno yote yamebaki kama mashimo. Halafu nikageukia namba za Aprili. Nikazifuata kwa kidole siku baada ya siku. Aprili ile ziwa lilikuwa likipanda sentimita moja kila siku bila kukosa. Jumanne, sabini na mbili. Jumatano, sabini na tatu. Alhamisi, sabini na tatu. Ijumaa, sabini na tano.

Maji hayakai siku nzima Aprili halafu yakaruka mbili. Alhamisi ile hakusoma. Alikuja na kapu kabla ya kupambazuka, ubao hausomeki, akawabeba vifaranga, akapita nao pozisyo, pale pale nilipompigia magoti shefu ili wasifyeke, na namba akainakili ya jana ili ukurasa usibaki wazi. Katika miaka yote ya vita, siku za risasi, siku za mji kufungwa, sisi wawili hatukuwahi kuandika namba ya uongo. Lilikuwa jambo la pekee katika nchi ile ambalo ningeapa kwalo. Alilichafua na hilo.

Jumamosi nilifika kabla yake. Alipotaka kumimina chai nikaweka kiganja juu ya kikombe.

“Nimemwona,” nikasema. “Mwenye kidole.”

Hakuuliza nani. Alifunga thermos, akaizungusha mikononi. Kiangazi kilikuwa kimeurefusha ule ulimi wa mchanga, na wakata-maji walikuwa kazini mbele yetu kana kwamba hakuna kilichotokea.

“Mutoto wangu alikamatwa,” akasema mwishowe. “Yule wa chuo kikuu. Walimushika kwenye barabara, siku tisa hatujui iko wapi. Mukubwa alikuwa na watu wake kwa hao waliomushika. Nilienda kwake mikono mitupu mara mbili, hakunipokea. Mara ya tatu sikuenda mitupu. Jioni ile mutoto alilala nyumbani.”

Nilimjua kijana huyo kwa sura. Nilikuwa nimemwona mwezi ule ule sokoni, akinisalimu kwa adabu na kubeba kikapu cha mama yake. Mimi nina watoto wanne. Mungu ananisikia, sikutaka hata kwa sekunde moja mtoto yule awe mahali pengine.

“Kwa nini hukuniambia?” nikauliza.

“Ningekuambia nini?”

“Hivyo hivyo ulivyosema sasa.”

“Niliogopa utasema apana.”

Basi nikamwambia, na hapo sauti ikanitoka, ule mpango wangu wote wa kuongea kwa utulivu ukaenda na upepo. Nikamwambia kwamba ningewashika mwenyewe. Ningeingia matete kabla yake, ningewafunga miguu kwa kitambaa laini wasiumie, ningembebea kapu mpaka getini kwa mukubwa na ningewakata mimi mwenyewe manyoya kama wangetaka. Mtoto wa mtu na vifaranga wawili, alidhani nitakaa kupima? Alinionaje mimi? Aprili ile akaniacha nilie mbele yake. Akanimiminia chai. Akaniwekea mkono begani, mkono ule ule.

Alisikiliza yote. Kisha akasema polepole, bila ubaya, kama mtu anayesoma namba kwenye ubao:

“Siku ile, kijana, sikuwaza we ni mutu wa aina gani. Nilikuwa na woga. Niliwaza tu we ni mutu wa Gasenyi.”

Mwari mmoja alitua majini. Miaka sita ya Jumamosi, mandazi, kale ka Ulaya tatu, kofia iliyovuliwa; na siku mambo yalipomfika shingoni, alipotazama upande wangu wa gogo hakumwona mtu aliyemfundisha kitwitwi. Aliona mtaa. Vifaranga ningemsamehe. Namba ya uongo, kwa shida, ningemsamehe. Hili sikuweza, na sijaweza.

Nilitia sahihi nikaondoka. Lakini kazi haikuwa na watu wengine wawili wenye karatasi, kwa hiyo tuliendelea. Wiki yangu, wiki yake. Aliendelea kuandika ndege pembeni, kila wiki, kwa herufi zake kubwa: mwari, furukombe, mbayuwayu wamefika. Mimi niliacha. Pembeni kwangu palibaki peupe. Jumamosi tulisoma namba pamoja, tukatia sahihi, naye alikuja na vikombe viwili kama zamani, kimoja kinabaki juu ya gogo mpaka chai inapoa.

Mvua zilizofuata misambi walirudi kutaga. Mahali pengine, mbali zaidi, ambapo wanajeshi hawakuwa na haja ya kufyeka. Niliwaona siku ya kwanza na sikuandika. Jumamosi muzee aliuliza, akitazama ziwa, “Misambi je?”

“Hakuna,” nikasema.

Hapo hapo mmoja akaita kutoka ndani ya matete, sauti ile isiyofichika, mara mbili. Tulikaa tukiisikia sote. Muzee alikunywa chai yake mpaka mwisho, akakung'uta kikombe mchangani.

“Basi hakuna,” akasema.

Na hakwenda. Katika wiki zake zote za mvua ile hakwenda upande ule. Nilikagua nyayo, nakiri, nilikagua kila mara kama polisi, na hapakuwa na nyayo. Sikumwambia kwamba nimeona hilo. Hata pembeni mwa rejista yake hakuandika neno msambi tena, ingawa aliwasikia kila asubuhi alipokuja.

Mwanzoni mwa kiangazi, asubuhi moja ya wiki yangu, vifaranga walitoka matete wakiwa wakubwa, wakafuata wazazi mpaka kwenye mchanga mtupu. Upepo ulikuwa wa kiasi. Wazazi walikimbia wakainuka. Mmoja wa watoto alikimbia, akapiga mabawa, akaanguka, akakimbia tena, akainuka. Wa pili akamfuata. Walipita juu ya ubao, juu ya gogo, miguu yao bado inaning'inia ovyo, wakageukia mtoni. Niligeuka haraka na mdomo umeshafunguka. “Muzee, ona,” nilitaka kusema, na nilikuwa nimeshasema nusu.

Kwenye gogo hapakuwa na mtu. Katika mji mzima kulikuwa na mmoja tu ambaye angeelewa nilichokiona, na nilikuwa nimemwambia hakuna. Nilitoa bik, nikasoma maji, nikaandika namba.